Neno «keep» la Kiingereza: kuchunga kwa ajili ya nani?

 

Kabla ya kuanza, kila mmoja afungue Biblia yake na kusoma maneno haya: Mwanzo 2:15, Mwanzo 4:1-10, Zaburi 121, Luka 19:11-27, Matendo 5:1-11, 2 Wakorintho 8:18-21. Tutayarudia mbele.

I. SABABU YA SOMO HILI

Sisi watu wa Butembo na Beni tumesoma kwa Kifaransa, tunasali kwa Kiswahili, na nyumbani wengi wetu tunasema Kinande. Lakini njia ya biashara yetu inaelekea mashariki tangu zamani. Mali inatoka bandari ya Mombasa, inapita Nairobi na Kampala, inafika Mpondwe, inavuka mto Lubiriha na kuingia Kasindi. Maandishi yaliyo juu ya katoni, juu ya chupa za dawa na juu ya karatasi za mizigo mara nyingi ni ya Kiingereza. Na tangu tarehe 8 Aprili 2022, Rais wa nchi yetu alipotia sahihi mkataba wa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, lugha hiyo imezidi kutukaribia.

Vijana wengi wanajifunza Kiingereza kwa haraka, neno kwa neno: hili maana yake hili, lile maana yake lile. Kuna maneno yasiyokubali kufundishwa hivyo. Leo tumechagua moja tu, kitenzi «keep». Ni neno fupi, linapatikana kila mahali, na ukilikosea unaweza kuvunja urafiki wa miaka mingi au kumpa mtoto sumu. Tena ni neno ambalo ndani yake kuna fundisho kubwa kwa Mkristo, hasa kwa mtu aliyepewa mali ya wengine mikononi.

II. NAMNA LINAVYOTAMKWA NA KUBADILIKA

Linaandikwa kwa herufi nne, k-e-e-p, lakini linatamkwa «kiip», kwa kuvuta ile i. Tendo likiwa limepita, neno linakuwa «kept», na hapo sauti ni e fupi. Usiseme «keeped»; neno hilo halipo. Mtu mmoja akiwa na desturi ya kufanya tendo hilo, unasema «he keeps» au «she keeps». Na mtu mwenyewe anayefanya kazi hiyo anaitwa «keeper».

Waliosoma Kifaransa watasema: «Basi ni rahisi, keep ni garder.» Ni kweli kwa sehemu kubwa, lakini si mahali pote. Kwa kutimiza ahadi, Mfaransa anatumia «tenir». Kwa kuendelea na kazi bila kuacha, anatumia «continuer». Mwingereza anatumia «keep» pote pawili. Kwa hiyo garder ni mlango wa kuingilia, si nyumba nzima.

III. MAANA SITA

1. Kubaki na kitu kiwe chako. Ukinunua soda Kasese, ukatoa noti, kisha ukamwambia mwenye duka «keep the change», umemwachia zile franga zinazobaki. Ni zake. Huko Uganda watu wengi hawasemi «change», wanasema «balance».

2. Kumchungia mwingine kitu chake. «Keep this bag for me» maana yake: unichungie mfuko huu, nitarudi kuuchukua. Mfuko si wako hata kidogo.

Hapa ndipo ugomvi unapozaliwa. Tuseme mfanyabiashara wa Kampala anamwandikia rafiki yake wa Butembo. Wamekwisha kuhesabu mali, na kwa rafiki huyu zimebaki dola 200. Akiandika «keep the balance», anamwambia: chukua, ni zawadi. Akiandika «keep my balance», anamwambia: hizo ni zangu, unichungie. Tofauti iko katika neno moja dogo, «my», yaani yangu. Mtu akisoma kwa haraka anakula dola 200 za mwenzake huku akimshukuru Mungu kwa baraka. Miezi mitatu baadaye mwenye mali anakuja kuziomba, na neno mwizi linatoka kinywani.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: ukiona «keep», usisimame hapo. Tafuta maneno yanayofuata. Je, kuna «for», yaani kwa ajili ya? Je, kuna «my», «his», «their», yaani yangu, yake, yao? Maneno hayo ndiyo yanaonyesha mwenye mali ni nani.

3. Kushika na kutimiza. «Keep a promise» ni kutimiza ahadi. «Keep the commandments» ni kushika amri. «Keep time» ni kufika kwa saa iliyopangwa, jambo ambalo hata sisi katika ibada zetu tunalihitaji.

4. Kuacha kitu kikae katika hali fulani. «Keep dry» juu ya katoni maana yake kisilowe maji. «Keep upright» maana yake kisimame wima, kisilazwe. «Keep in a cool, dry place» juu ya dawa maana yake iwekwe pahali pakavu pasipo joto. Ndugu zetu wa Beni waangalie sana hapo, kwa kuwa joto la kule si kama baridi ya Butembo, na chini ya mabati saa sita mchana dawa inaweza kuharibika. «Keep refrigerated» maana yake ikae katika friji siku zote.

Tuliona nguvu ya maneno hayo wakati wa Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina, ukaingia Beni na Butembo, na haukutangazwa kuwa umekwisha hadi tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao walikufa. Chanjo iliyotumika ilipaswa kuwekwa katika baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri. Katika nchi ambayo umeme ni shida, wafanyakazi wa afya waliilinda baridi hiyo kwa mitambo maalum toka ndege hadi kijijini. Watu zaidi ya 300,000 walipata chanjo. Kama baridi ile isingechungwa, wangechanjwa kwa maji tu.

5. Kuendelea bila kuacha. «Keep walking» ni endelea kutembea. «Keep praying» ni endelea kusali. Hapa hakuna kitu mkononi. Kinachochungwa ni tendo lenyewe. Utatambua maana hii kwa sababu neno linalofuata linaishia kwa -ing.

6. Kuzuia au kuweka mbali. «Keep off» ni usikanyage, usikaribie. «Keep away from fire» ni weka mbali na moto. Na hili kila mama na kila mkulima wa kakao alishike kichwani: «Keep out of reach of children». Maana yake ni: weka mahali ambapo mikono ya watoto haifiki. Asiyejua lugha anaona neno «children», watoto, na anaweza kudhani ni dawa ya watoto. Ni kinyume kabisa. Chupa yenye maneno hayo, iwe ya vidonge au ya dawa ya kunyunyizia shamba, haiwekwi chini ya kitanda, wala haiwekwi pamoja na chumvi na mafuta. Na ikiisha, chupa hiyo haitumiki kwa kuchotea maji ya kunywa.

IV. NENO HILI TAYARI LIKO KATIKA KISWAHILI

Wengi watashangaa kusikia kwamba wanalitumia neno hili kila Jumapili baada ya ibada. Watangazaji wa mpira wa Kenya na Tanzania wanamwita mlinda mlango «golikipa», au kwa ufupi «kipa». Ni lile lile «keeper». Kwetu tunapenda kusema «gardien», kwa sababu ya Kifaransa, lakini kazi ni moja. Tunamkumbuka Robert Kidiaba wa TP Mazembe, aliyekuwa kipa mwezi wa Desemba 2010 wakati timu hiyo ilipofika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, ya kwanza kutoka Afrika kufanya hivyo. Angalieni kazi ya kipa: mpira ukifika mikononi mwake, hakai nao. Anaushika ili usiingie wavuni, kisha anawapa wenzake. Hakuna kipa anayepeleka mpira nyumbani kwake.

Neno la pili ni la Tanzania. Mzunguko wa barabara, ule ambao Wafaransa wanauita «rond-point», Watanzania wengi wanauita «kipilefti». Chanzo chake ni kibao cha Kiingereza kilichoandikwa «keep left», yaani shika upande wa kushoto. Kiswahili kikalipokea, kikaona ki- mwanzoni, kikalipa uwingi: kipilefti kimoja, vipilefti viwili. Kiswahili kinajua kuchukua cha wageni na kukivalisha nguo zake.

Lakini dereva wa kwetu asicheke tu, ajifunze. Kongo tunapita kuume. Uganda wanapita kushoto. Ukivuka daraja la Kasindi na kuona kibao «keep left», hakikuambii ugeuke kushoto, kinakuambia ubaki kushoto siku zote utakazokuwa huko. Kugeuka ni tendo la mara moja. Kubaki ni la safari nzima.

V. «KEEP» KATIKA BIBLIA

Sasa tuingie ndani. Katika Mwanzo 2:15 Mungu anamweka Adamu katika bustani ili ailime na kuitunza. Katika Mwanzo 4:9 Kaini, akiisha kumwua Abeli, anaulizwa ndugu yake yuko wapi, naye anamjibu Mungu kwa swali, akikana kwamba yeye ni mlinzi wa ndugu yake. Katika Kiswahili tunasoma «kutunza» pale na «mlinzi» hapa, na hatuoni kwamba maneno hayo yanashikana. Lakini katika Kiebrania ni mzizi mmoja, shamar. Katika Kiingereza cha tafsiri ya mwaka 1611 ni «keep» na «keeper», na katika Kifaransa cha Segond ni «garder» na «gardien».

Tazameni basi uzito wake. Baba alipewa kazi ya kuchunga bustani. Mtoto anasema kuchunga si kazi yake, hata kama anayechungwa ni ndugu wa tumbo moja. Kazi ya kwanza ambayo mwanadamu alipewa, mtoto wa kwanza aliikana. Aliyekataa kuchunga alikuwa amekwisha kuua.

Na neno hilo hilo shamar ndilo linalotumika kwa Mungu mwenyewe. Lipo katika baraka ya makuhani, Hesabu 6:24. Katika Zaburi 121 linarudi mara sita ndani ya mistari minane. Kwa hiyo tunaposali tukisema Bwana atuchunge, tunamwomba atufanyie kile ambacho Kaini alikataa kumfanyia Abeli. Mtu hawezi kuomba hivyo usiku, kisha asubuhi akamjibu jirani yake kama Kaini.

Biblia hiyo ya Kiingereza inatuonyesha pia upande mwingine. Katika Matendo 5, Anania na Safira waliuza shamba, wakaleta sehemu ya bei miguuni pa mitume, wakasema ni yote. Sehemu waliyoificha, Kiingereza kinasema «kept back», yaani walijiwekea nyuma. Kitenzi ni kile kile cha zaburi! Petro aliwaambia wazi kwamba shamba lilikuwa lao, na bei ilikuwa katika uwezo wao. Dhambi yao haikuwa kubaki na mali yao. Dhambi yao ilikuwa kusema kwamba wamempa Mungu wakati mkono umefungwa nyuma ya mgongo.

Mfano wa tatu uko katika Luka 19. Mtumishi mmoja alipewa fedha na bwana wake, akaifunga katika kitambaa. Bwana aliporudi, fedha ilikuwa yote, haikupungua hata kidogo. Hakuiba. Lakini alihukumiwa. Kwa nini? Kwa sababu bwana alikuwa amesema, katika mstari wa 13, wafanye biashara mpaka atakaporudi.

Hapa tunaomba usikivu, maana mfano huu unatumiwa vibaya. Kuna mtu amechungishwa fedha ya mjane au ya kikundi cha wamama. Anaichukua, ananunua mali Kampala, anasema: «Nimeizungusha tu ili izae, kama mtumishi mwema wa Injili.» Hapana, ndugu. Mtumishi mwema alitii neno la mwenye fedha. Yule aliambiwa afanye biashara, akafanya. Wewe uliambiwa uchunge, na mali imekwama njiani au imeungua katika gari. Mjane atakula nini? Kabla ya kufanya lolote kwa kitu cha mwingine, jiulize: mwenyewe alisema nini?

Tusimsahau Maria katika Luka 2:19. Aliyoyasikia kutoka kwa wachungaji aliyachunga moyoni na kuyatafakari. Katika kanisa letu Mungu anasema nasi kwa ndoto, kwa maono na kwa nyimbo zinazopokelewa. Mwenye kupokea asikimbie sokoni kutangaza kabla ya kuwaeleza wazee na kupima neno kwa sala. Lakini tuseme na hili: kuna siri isiyofaa kuchungwa. Mtoto akitendewa uovu, au mtu akikusudia kumwaga damu, kunyamaza si kuchunga siri. Ni kumchungia mwovu njia yake.

VI. WALIOCHUNGA IMANI MBELE YETU

Sisi tuna mfano wetu. Papa Simon Kimbangu alianza kazi ya uponyaji kule Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo huo, baraza la vita la Wabelgiji lilimhukumu kufa kule Thysville. Mfalme Albert alibadilisha hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha, naye akapelekwa mbali sana na nyumbani, Élisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Alikaa gerezani miaka 30, akafa humo tarehe 12 Oktoba 1951.

Wakati huo wote nani aliwachunga waamini? Mama Marie Muilu, mke wake, aliyebaki na watoto watatu, akiwafariji na kuwafundisha waamini kwa siri huku serikali ikiwafukuza watu na kuwahamishia mikoa mingine. Alifariki mwezi wa Aprili 1959. Tarehe 24 Desemba mwaka ule, kanisa lilikubaliwa na serikali. Mama hakuona siku ile kwa macho yake. Alichunga kitu ambacho wengine wangekifurahia, akakikabidhi kwa watoto bila kupungua. Na tangu mwaka 2023, tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko kwa taifa lote la Kongo. Waliochungiwa wamekuwa wengi kuliko Mama alivyoweza kuhesabu.

VII. KUCHUNGA AMANI NA KUFANYA AMANI

Kuna «keep» nyingine ambayo kila mtoto wa Beni anaijua. Askari wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za bluu kwa Kiingereza wanaitwa «peacekeepers», walinda amani. Ujumbe wao ulianza kama MONUC mwaka 1999, ukapewa jina la MONUSCO mwaka 2010. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 mauaji yamewaandama watu wa Beni mashambani, vijijini na hata mjini. Wengine katika walinda amani hao walikufa hapa kwetu. Tarehe 7 Desemba 2017 askari wa Tanzania, watu wanaosema Kiswahili kama sisi, waliuawa katika kambi yao ya Semuliki. Na mwezi wa Novemba 2019 wananchi wa Beni, kwa uchungu wa kuzika kila siku, waliandamana na kuuliza: mnalinda amani gani?

Hatusemi haya ili kumhukumu mtu. Mahakama si yetu. Tunasema kwa sababu lugha yenyewe inatufundisha. Huwezi kuchunga kitu ambacho hakipo. Fedha lazima iwepo kwanza ndipo uichunge. Amani nayo lazima ifanywe kwanza ndipo ilindwe. Katika Mathayo 5:9 Bwana Yesu anawaita heri watu wa namna gani? Kiingereza hakisemi hapo «peacekeepers». Kinasema «peacemakers», wafanyao amani. Kazi hiyo ya kufanya haikuachiwa askari peke yao. Ipo kati ya wewe na jirani mnayegombania mpaka wa shamba. Ipo kati ya wenyeji na wageni waliofika wakikimbia.

VIII. MATUMIZI KWETU SISI

Katika miji yetu, familia nyingi zimepokea watu waliokimbia vita. Wengine walikuja na mbuzi wawili, wengine na karatasi za shamba zilizofungwa katika plastiki, wengine na mtoto wa ndugu aliyekufa. Wanatafuta mtu wa kuwachungia. Mara nyingi wanamtafuta mtu wa kanisa, kwa sababu wanaamini jina la Yesu analolibeba. Kwa hiyo tunawapa kanuni hizi, mashemasi na waamini wote:

a) Kupokea kuwe mbele ya shahidi. Usipokee fedha au karatasi ya mtu mkiwa wawili tu gizani. Shahidi anamlinda mwenye mali, na anakulinda wewe pia.

b) Kuandikwe. Tarehe, hesabu, aina ya mali, majina ya wote. Kila upande ubaki na karatasi yake. Waingereza kazi ya kuandika hesabu wanaiita «bookkeeping», kuchunga vitabu. Asiyechunga kitabu hawezi kuchunga fedha.

c) Usichanganye. Fedha ya mwingine isikae mfuko mmoja na yako. Ikichanganyika na yako, macho yako yataanza kuiona kuwa yako.

d) Usiitumie bila neno la mwenyewe, hata kwa jambo jema, hata kwa siku mbili.

e) Ikiombwa, irudishwe. Usimwambie mwenye mali «rudi kesho» mara nne. Na kama alifariki, tafuta warithi wake mbele ya wazee. Kifo cha mwenye mali hakibadilishi «keep for me» kuwa «keep it».

f) Kuhusu sadaka na matoleo ya kanisa, wahesabu watu wawili au zaidi, na hesabu isomwe mbele ya waamini. Paulo mwenyewe, katika 2 Wakorintho 8, hakubali kubeba mchango peke yake. Alichukua ndugu wengine, ili mtu asipate neno la kumlaumu, mbele za Mungu na mbele za wanadamu. Ikiwa mtume alijiwekea walinzi, shemasi wa Butembo asione aibu kuhesabiwa.

IX. MASWALI YA KUJIBU KATIKA VIKUNDI

1. Eleza tofauti kati ya «keep the balance» na «keep my balance».
2. Maneno «Keep out of reach of children» yanakuamuru ufanye nini nyumbani kwako? Dawa zako ziko wapi leo?
3. Adamu alipewa kuchunga nini? Kaini alikataa kuchunga nini?
4. Anania na mtumishi wa kitambaa wanatofautiana katika nini?
5. Ni kitu gani cha mtu mwingine kilicho mkononi mwako sasa? Mwenyewe alisema nini juu yake? Shahidi ni nani?

Swali la tano si la kujibu kwa sauti. Kila mtu alipeleke nyumbani, na kama kuna la kurudisha, alirudishe kabla ya Jumapili ijayo.

Wapendwa, Mwingereza hatambui maana ya «keep» mpaka asikie neno linalofuata. Mungu naye anatutazama hivyo. Anaona mikono yetu imefunga kitu, na anangoja kuona ni kwa ajili ya nani. Sote tumechungiwa: kuna aliyetubeba mgongoni, kuna aliyetuficha porini, kuna aliyetuombea gerezani. Basi tusiseme kama Kaini.

Ee Bwana Mungu, wewe usiyelala, tuchunge sisi na watoto wetu, mji na kijiji, waliokaa na waliokimbia. Utupe mikono safi, ili kila kitu tulichopewa kuchunga kirudi kwa mwenyewe bila kupungua. Katika jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.